"Wanachama wote hawajalipa": wanaisimu wanaipimaje maana?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikoba chetu, tuko wanachama 23. Mwishoni mwa mwezi wa tatu niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Wanachama wote hawajalipa mchango wa mfuko wa jamii." Wakati huo 18 walikuwa wamelipa na watano bado. Mama mmoja aliyelipa mapema akaja juu, akasema nimemwita mdaiwa mbele za watu. Mimi nilimaanisha kwamba hawajatimia. Kikao kikanitoza faini ya kuleta mtafaruku. Binti yangu yuko chuo, akaniambia baba hiyo ni semantiki, wapo wataalamu wanaochunguza maana za maneno na sentensi. Sasa naomba kujua: maana haishikiki wala haionekani, ninyi mnaichunguza vipi? Na kati yangu na yule mama, nani alikuwa sahihi?

JIBU: Marahaba, ndugu katibu. Nianze na lisilokufurahisha: yule mama ana hoja. Ulichokikusudia kinawezekana kabisa katika Kiswahili, ila sentensi uliyoiandika haikifikishi bila kusukumwa. Na namna ya kulijua hilo ndiyo kazi yetu yenyewe, kwa hiyo nikikujibu swali moja nitakuwa nimegusa na la pili.

Jina semantiki si la zamani sana. Mfaransa Michel Bréal ndiye aliyelitia mjini mwaka 1883, ingawa watu wamebishana kuhusu maana tangu enzi za Wayunani. Kilichopatikana baadaye ni mbinu, na ya kwanza kati ya hizo inawashangaza wengi: ukitaka kujua maana ya neno, usimuulize mtu neno hilo lina maana gani.

Kila mwaka wanafunzi wapya nikiwapa neno walichunguze, wanakimbilia kamusi. Kamusi ni kitu kizuri na mimi ninayo mezani, lakini ile ni taarifa iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kufanya uchunguzi. Ikiwa alikosea, kamusi haitakwambia. Na mzungumzaji naye ukimkabili ghafla, "hivi 'pole' maana yake nini?", atakupa maelezo ya papo kwa papo ambayo mara nyingi hayalingani na anavyolitumia mwenyewe tangu asubuhi. Sote tunatembea vizuri, lakini tuulizwe ni msuli gani unaonyanyua goti uone tutakavyobabaika. Jambo ambalo mzungumzaji analijua kwa uhakika ni dogo zaidi na lina thamani zaidi: akielezwa tukio fulani, anajua kama sentensi fulani inalifaa au hailifai. Basi sisi tunampa tukio.

Tufanye kwa sentensi yako. Chukua karatasi uchore hali tatu. Katika hali ya kwanza, kati ya wale 23 hakuna hata mmoja aliyetoa senti. Katika ya pili 18 wametoa, watano bado. Katika ya tatu wote wametoa. Sasa andika pembeni sentensi hizi:

Wanachama wote hawajalipa.
Wanachama hawajalipa wote.
Hakuna mwanachama aliyelipa.

Mwite jirani mmoja mmoja, asisikie jibu la mwenzake, wala usimwambie ugomvi ulianzaje. Kwa kila hali muulize: nikisema hivi, nitakuwa nimesema kweli? Sentensi ya tatu haitakusumbua, ni kweli katika hali ya kwanza tu. Ya pili nayo wengi wataikubali katika hali ile iliyokuwepo kwenu, kwa sababu tunaisema kila siku: "Hawajafika wote, tusubiri kidogo," anasema mama mwenye shughuli kabla hajaruhusu chakula kitolewe, na ukumbini watu tayari wamejaa. Ila kwenye ya kwanza, ile yako, utaona watu wanaanza kukuna kichwa. Mimi mwenyewe naikubali haraka katika hali ya kwanza. Katika hali ya pili naweza kuikubali, lakini nahitaji msaada: sauti ibanwe kwenye "wote", au maneno yaendelee, "wote hawajalipa, kuna watano bado." Kwenye kioo cha simu hakuna sauti ya kubana, na wewe uliweka nukta ukanyamaza.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya sentensi yako kuna mabwana wawili, "wote" na ukanushi ulioko kwenye "hawaja-", na kila mmoja anataka kumtawala mwenzake. "Wote" akiwa juu, tunasoma: chukua mwanachama mmoja mmoja, kila utakayemgusa hajalipa. Ukanushi ukiwa juu, tunasoma: si kweli kwamba wote wamelipa. Maneno ni yaleyale, ulimwengu unaoelezwa ni tofauti. Hili tunaliita suala la upeo, yaani neno lipi linafika wapi. Katika Kiswahili mpangilio wa maneno unasaidia sana: "wote" akitangulia kitenzi huwa anaelekea kuukalia ukanushi; akija baada ya kitenzi, ukanushi unamfunika. Ndiyo maana kuhamisha neno moja tu, "hawajalipa wote", kungekuokolea hela yako.

Utaona nimekuwa nikiuliza "ni kweli au si kweli", sijauliza "maana yake nini". Wazo kwamba kuijua maana ya sentensi ni kujua dunia ingepaswa kuwaje ili sentensi hiyo iwe kweli limetoka kwa wanamantiki. Alfred Tarski, Mpolandi, alilitengenezea hesabu zake katika andiko la 1933, na kufikia miaka ya 1970 Richard Montague wa Marekani alikuwa amewaonyesha wanaisimu kwamba hesabu hizo zinaweza kufanywa hata kwa lugha za watu wa kawaida. Nyuma yao alikuwepo Mjerumani Gottlob Frege, ambaye mwaka 1892 aliuliza swali ninalolipenda. Nyota ya alfajiri na nyota ya jioni ni kitu kimoja, sayari ya Zuhura. Mbona basi nikikwambia "nyota ya alfajiri ni nyota ya alfajiri" utanicheka, na nikikwambia "nyota ya alfajiri ndiyo nyota ya jioni" nitakuwa nimekufundisha kitu? Ikiwa maana ingekuwa ni kile kinachonyooshewa kidole tu, sentensi hizo mbili zingekuwa sawa. Kwa hiyo neno linabeba pia njia ya kukifikia kitu.

Lakini kweli na uongo havifiki kila mahali. Chukua neno "pole". Pole haiwezi kuwa kweli wala uongo, na hata hivyo ina maana iliyonyooka kiasi kwamba mtoto wa miaka mitatu hakosei kuitumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili huambiwa kwamba ni neno la kuomba radhi, kisha siku moja anajikwaa barabarani peke yake, watu watatu wanamwambia "pole!", naye anashangaa: hawa wamenifanya nini hata waombe radhi?

Tulipime kwa kuliweka karibu na jirani yake, "samahani", kisha tubadilishe hali kidogo kidogo, kitu kimoja kwa wakati. Unaumwa malaria, nimekuja kukuona: pole inafaa, samahani haifai kabisa, labda kama mbu ni wangu. Nakukuta umebeba gunia la mkaa: pole inafaa, samahani haifai, isipokuwa nataka unipishe. Umetoka kazini jioni: "pole na kazi", na hakuna aliyekosa lolote. Nataka kukuuliza saa: "samahani, saa ngapi sasa?" inafaa, na hapo pole inaanza kuleta shida, kwa kuwa hujaumia popote, nimekukatiza tu. Sasa nimekukanyaga kidole. Hapa yote mawili yanaingia, na watu wengi wanayasema yote mawili kwa pumzi moja: "samahani, pole." Kwa nini yote mawili? Kwa sababu hali hii ndiyo ya kwanza yenye mambo mawili pamoja, kosa langu na maumivu yako. Samahani inashika la kwanza, pole inashika la pili.

Basi tumepata kitu bila kufungua kamusi. Pole inadai kwamba msikilizaji amepata usumbufu, uchovu au msiba, na haiulizi nani kausababisha. Samahani inadai kwamba msemaji ameingilia au amekosea, na haiulizi kama umeumia. Bado tunaweza kuendelea. Umeshinda bahati nasibu, nakwambia pole: sasa nakutania, labda ndugu wataanza kupiga simu. Utani huo unaeleweka kwa sababu tu maana ya kawaida ipo na tumeivunja makusudi. Kazi yetu ina siku nyingi za namna hii, kukaa na mzungumzaji na kumwuliza vihali vya ajabuajabu mpaka achoke na wewe.

Nikupe tahadhari moja kabla hujaenda kwa majirani. Majibu yakitofautiana, usidhani mmoja hajui lugha. Mtu wa Nairobi akisema "bibi yangu anaumwa", huenda anamsema mkewe. Wa Dodoma akisema hivyohivyo, tunamwuliza bibi mzaa baba au mzaa mama. Wote wawili wako sahihi kwao. Tunachunguza maana kama ilivyo vichwani mwa wanaoitumia, na vichwa ni vingi.

Sasa maneno yenyewe, moja moja. Swali la kwanza huwa: hili ni neno moja lenye maana pana, au ni maana mbili zinazotumia vazi moja? Kipimo ninachokipenda ni kicheko. Nikisema "nina ndugu wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume", hakuna atakayecheka, kwa kuwa ndugu ni maana moja inayowameza wote wawili. Nikisema "nimenunua mbuzi wawili, mmoja wa kuchinja na mwingine wa kukunia nazi", utacheka au utakunja uso. Kicheko hicho ni ushahidi. Kinaonyesha umelazimishwa kuruka kutoka maana moja kwenda nyingine katikati ya sentensi, na mruko umeusikia. Kiswahili kina bahati kwamba sarufi yenyewe inatoa ushahidi wa ziada: mbuzi wa zizini ni "huyu", mbuzi ya jikoni ni "hii". Kadhalika "kaa huyu" anatembea ubavu ufukweni na "kaa hili" linawaka jikoni. Lakini ona tofauti. Mbuzi wawili wale wana undugu, kigoda kile na shingo yake iliyonyooshwa mbele na meno yake kinafanana na mnyama, mtu fulani zamani alikiona hivyo na jina likabaki. Kaa wa pwani na kaa la moto, kwa upande mwingine, hawana wanachofanana ila sauti. Aina ya kwanza maana imezaa. Ya pili maneno yamegongana njiani.

Swali la pili: neno linapakana na nani? Ferdinand de Saussure, Mswisi ambaye wenzake walichapisha mafundisho yake mwaka 1916 baada ya yeye kufariki, alisema thamani ya neno inatokana na majirani zake. Sisi tunaokula wali hatuhitaji kusafiri kwenda Uswisi kumwelewa; tuna mpunga, mchele na wali. Mchele maana yake imezuiwa upande huu na mpunga, kwa kuwa umekobolewa, na upande ule na wali, kwa kuwa haujapikwa. Lugha nyingi za Ulaya zina neno moja hapo. Ndiyo maana mgeni akikwambia "jana nilikula mchele", wewe unamwona akitafuna punje kavu na unaingiwa na huruma. Ondoa neno "wali" kwenye lugha, na mchele utapanuka uchukue nafasi yake, ingawa kwenye ghala hakuna punje iliyobadilika.

Njia hiyo ilitumika sana kwenye majina ya ukoo. Mwaka 1956 Wamarekani wawili, Ward Goodenough na Floyd Lounsbury, kila mmoja kwa andiko lake, walionyesha kwamba majina hayo unaweza kuyachambua kwa maswali machache: mwanamume au mwanamke, kizazi cha juu au cha chini, upande wa baba au wa mama. Yajaribu kwetu. Mwingereza ana neno moja kwa watu ambao sisi tunawaita baba mkubwa, baba mdogo na mjomba. Ukiuliza upande gani, kisha mkubwa au mdogo kuliko mzazi, unawapata wote watatu. Mbinu safi, ila haikwambii kwa nini kondakta anamwita abiria asiyemjua "mjomba".

Na yapo maneno ambayo mipaka yake haina ukuta. William Labov mwaka 1973 aliwaonyesha watu michoro ya vyombo, vingine vyembamba, vingine vinapanuka hatua kwa hatua, akauliza kila kimoja kinaitwaje. Hakukuwa na mahali ambapo kikombe kilikwisha ghafla na bakuli likaanza. Katikati watu waligawanyika. Kisha akabadilisha kilichomo. Chombo kilekile, ukikifikiria kina kahawa, kinavutwa upande wa kikombe. Ukikifikiria kina viazi vya kupondwa, kinavutwa upande wa bakuli. Ningependa sana mtu alifanye hili kwetu kwa uji, kwa sababu uji unanywewa kwenye kikombe, unanywewa kwenye bakuli, na wapo wazee wanaoudai kwenye kopo.

Turudi kwako, kwa kuwa kuna kitu kizuri kwenye sentensi yako ambacho yule mama hakukiona. Hukuandika "hawakulipa". Uliandika "hawajalipa". Tofauti yake? Jaribu tena kwa hali. Bibi mmoja kafariki akiwa na miaka 90, hakuwahi kuwa na mume. Msibani unaweza kusema "hakuolewa". Ukisema "marehemu hajaolewa", waombolezaji watageuka kukutazama, maana ni kama unasubiri posa. Kwa binti wa miaka 25 mambo yanageuka: "hajaolewa" inakaa vizuri. Kwa hiyo "-ja-" haisemi tu kwamba jambo halijatokea. Inaacha mlango wazi, jambo bado linaweza kutokea na pengine linatarajiwa. "Hakulipa" inafunga hesabu. Ellen Contini-Morava wa Chuo Kikuu cha Virginia aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1989 kuhusu ukanushi na njeo, yaani nyakati za vitenzi, Kiswahili kikiwa ndicho mfano wake mkuu, na si ajabu, kwa sababu hiki ni kiungo kidogo kinachofanya kazi kubwa. Wewe kwa kuandika "-ja-" uliwaachia watu nafasi ya kulipa. Hilo ungelisema kwenye utetezi wako.

Tukiwa hapohapo kwenye vitenzi, jambo jingine linalowachanganya wanaojifunza ni "-me-". "Amevaa kanzu" inamwelezea mtu aliyemo ndani ya kanzu sasa hivi. "Anavaa kanzu" huenda kichwa bado hakijatokeza. Kipimo ni neno "bado". "Bado amelala" inakubalika, "bado amevunja kikombe" inakwaruza sikio. Kulala kukikamilika kunaacha hali inayoendelea. Kuvunja kukikamilika kumekwisha. Kiungo ni kimoja, maana inaamuliwa na kitenzi kinachokibeba. Mambo kama haya huwezi kuyapata kwa kutafsiri, unayapata kwa kuweka neno dogo karibu na jingine na kusikiliza.

Hadi hapa nimezungumzia kile sentensi inachosema. Mama yule alikasirishwa na kile alichosikia kinasemwa juu yake, na hapo tunavuka mpaka kuingia pragmatiki, yaani uchunguzi wa maana inayotokana na mazingira ya usemi. Paul Grice, mwanafalsafa Mwingereza, alitoa mihadhara Harvard mwaka 1967, sehemu yake maarufu ikachapishwa 1975, akieleza kwamba msikilizaji hufanya hesabu kimyakimya: huyu angeweza kusema zaidi, mbona amesema hivi tu? Ungeandika "baadhi ya wanachama wamelipa", kila mtu angeelewa kwamba wengine hawajalipa. Lakini neno "baadhi" lenyewe halisemi hivyo. Ushahidi ni kwamba unaweza kulifuta wazo hilo bila kujipinga: "Baadhi wamelipa, tena nimeangalia daftari sasa hivi, kumbe wote wamelipa." Inapita. Jaribu sasa "wote wamelipa, ila watano bado". Imejivunja yenyewe. Kinachofutika bila kishindo msikilizaji alikiongeza. Kisichofutika kimo ndani ya maneno.

Kuna na aina ya tatu ya maana, inayojificha zaidi: jambo ambalo sentensi inalichukulia kuwa limekwisha kukubaliwa. Ukimwambia mtu "umeacha kuchelewesha mchango?", akijibu ndiyo amekiri kwamba alikuwa anachelewesha, na akijibu hapana amekiri vilevile. Kwa hiyo kipimo cha hii ni kuikanusha sentensi na kuona nini kinabaki kimesimama. Mawakili wanaijua vizuri bila kusoma isimu.

Tena, kusema ni kutenda. Mwanafalsafa J. L. Austin alilieleza hili katika mihadhara ya 1955 iliyotoka kama kitabu 1962. Mwenyekiti wenu akisema "nafungua kikao", hawapi habari kuhusu kikao. Kikao kinafunguka kwa kauli hiyo. Na katibu akiandika tarehe ya mwisho wa mwezi kwamba watu hawajalipa, mbele ya macho ya wote 23, hiyo si taarifa ya hali ya mfuko. Ni kudai. Aliyekwisha kulipa akijikuta ndani ya "wote" anaona amedaiwa mara mbili. Hasira yake, kwa maoni yangu, ilitoka hapa zaidi kuliko kwenye upeo wa neno "wote".

Binti yako atakutana pia na njia ambazo hazimwulizi mtu chochote. Moja ni kukusanya maandishi mengi mno kwenye kompyuta na kuangalia neno linatembea na nani. Kwa Kiswahili ipo hazina ya Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, yenye maneno yapatayo milioni 25, iliyoanzishwa chini ya Arvi Hurskainen. Mtu ukimwuliza "kula" atakutajia ugali. Chota mistari yenye neno hilo kwenye maandishi, utakutana na kula kiapo, kula njama, kula hasara, kula rushwa, na kwa vijana kula bata ambako bata mwenyewe hayupo. Nyingine ni ya maabara. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard, huko California, waliwavisha watu vipima umeme wa ubongo wakawasomesha sentensi neno moja moja, nyingine zikiishia pabaya, kama mtu kapaka mkate wa moto soksi. Katika takriban milisekunde 400 baada ya "soksi" kutokea, mchoro wa umeme ulitoa wimbi ambalo halikutokea hivyo pale neno lilipofaa. Kwa hiyo ile karaha unayoisikia sentensi ikikwaruza ina alama yake, na inakuja kabla hujapata muda wa kukunja uso. Mimi bado naamini karatasi ya hali tatu inakufikisha mbali kuliko mashine nyingi, lakini mimi ni mzee wa karatasi.

Kuhusu nani alikuwa sahihi: kwa maana ulizoziruhusu wewe kwa maandishi yako, mama alichagua ile iliyo karibu zaidi, na hakuwa na wajibu wa kutafuta ya mbali. Ulichokusudia kilikuwa kweli, ulichoandika kilisomeka kama uongo. Safari ijayo andika "wanachama 18 wamelipa, watano bado". Ina namba, haina "wote", na "bado" inaendeleza ule upole wa "-ja-" bila kumtaja mtu. Ukitaka iwe fupi zaidi, "hawajalipa wote" inatosha, mradi kidole kisiteleze ukarudisha "wote" mbele.

Faini siwezi kukusaidia. Hiyo iko kwenye katiba ya kikoba, na natumaini aliyeiandika aliangalia alipoweka "wote".